Je, Wajua? Mwizi wa Soya Yumo Udongoni, na Anahesabika

Je, wajua kwamba shamba la soya linaweza kuwa la kijani kibichi, limenyooka, linapendeza, na bado mwenyewe akawa amekwisha kuibiwa karibu theluthi ya mavuno? Huko Marekani wamepima wakakuta hasara ya asilimia 30 pasipo jani hata moja kugeuka rangi! Mwizi ni mnyoo. Sogea karibu, leo tunamhesabu.

KWANZA, WAKO WANGAPI?

Mwaka 2019 wanasayansi walijumlisha minyoo wadogo wote wanaoishi kwenye udongo wa juu duniani, wale waitwao nematodi. Walipata namba 44 ikifuatiwa na sufuri 19! Usijaribu kuitamka, utachoka bure.

Gawanya idadi hiyo kwa watu wote tulio hai. Kila mtu anapata minyoo bilioni 57 wa kwake peke yake! Wa kwako wapo hivi sasa, wanahangaika udongoni.

Je, wajua uzito wao? Ukiwaweka wote kwenye mizani utapata kama tani milioni 300. Hiyo ni karibu asilimia 80 ya uzito wa binadamu wote wa dunia hii, na kila mmoja wao ni mdogo mno.

Chukua wanyama watano wowote wa nchi kavu, wakubwa kwa wadogo. Kwa hesabu, wanne kati yao ni nematodi! Simba, tembo, kuku, siafu na sisi wenyewe tunagombania nafasi ile moja iliyobaki.

Usiogope lakini. Wengi wao hawana ugomvi na mkulima: wanakula bakteria na kuvu, na wanasaidia kurutubisha udongo. Wanaokula mimea ni wachache kuliko hao, ila kundi lao lina zaidi ya spishi 4,100 zinazojulikana!

Na wana ndugu wa ajabu. Nematodi mrefu kuliko wote huishi kwenye kondo la nyuma la nyangumi, na hufikia zaidi ya mita 8! Jike wa yule wa soya hafikii hata milimita moja, lakini ndiye anayewatia watu hasara ya mabilioni.

Je, wajua kuna nematodi walioamka baada ya usingizi wa miaka 46,000? Walikuwa wameganda kwenye ardhi ya barafu huko Siberia. Mwaka 2023 watafiti walieleza jinsi walivyoyeyushwa, wakaanza kutembea na hata kuzaa!

Kwetu Afrika nako hatujambo. Mwaka 2011 watafiti walitangaza nematodi aliyekutwa kwenye mgodi wa dhahabu wa Afrika Kusini, zaidi ya kilomita moja chini ya ardhi. Giza totoro, joto kali, na yeye anaishi tu!

SASA MTAZAME MWIZI MWENYEWE

Jina lake la kitaalamu ni Heterodera glycines. Sisi tumwite mnyoo wa kifuko, na sababu utaiona sasa hivi. Anapototolewa ana urefu usiofika nusu milimita!

Je, wajua ana sindano mdomoni? Ni sindano ya kweli, ngumu, yenye tundu katikati. Anatoboa nayo mzizi wa soya, anapenya ndani, kisha anachagua mahali pa kuketi.

Akishaketi, anatema mate. Mate hayo yanaulaghai mmea ubomoe kuta kati ya chembe zake, mpaka chembe kama 200 zinaungana kuwa chungu kimoja cha chakula! Mmea unampikia mwizi wake, na unampikia kila siku.

Jike akinona, anavimba. Anavimba hadi mgongo wake unapasua ngozi ya mzizi na kutokeza nje, mweupe, mwenye umbo la limau. Hapo unaweza kumwona kwa macho yako, ukitazama kwa makini.

Sasa sikia hii. Jike akifa haozi! Ngozi yake inakuwa ya njano, halafu ya kahawia, inakauka na kukakamaa, na maiti yake inageuka kifuko cha kutunzia mayai.

Ndani ya kifuko kimoja kuna mayai 200, na mara nyingine hata 500. Mama amekufa, watoto wamefungiwa ndani yake salama. Mvua, jua kali na baridi ya theluji vinapita juu yao tu!

Mayai hayo hudumu muda gani? Miaka 9 na zaidi! Ukiacha kupanda soya leo kwa hasira, mtoto wako anayeanza darasa la kwanza atamaliza shule ya msingi, na baadhi ya mayai bado yanasubiri.

Na dume je? Dume anakula akiwa mdogo tu. Akikua anatoka kwenye mzizi akiwa mwembamba kama uzi, hali tena chochote, anatafuta jike, kisha anakufa.

Je, wajua kizazi kimoja kinachukua muda gani? Udongo ukiwa na joto la kutosha, takriban wiki nne tu! Kwa hiyo msimu mmoja wa soya unatosha vizazi vitatu au zaidi.

Shika kalamu. Jike mmoja, mayai 200, tuseme nusu ni majike. Kizazi cha kwanza majike 100, cha pili 10,000, cha tatu 1,000,000! Bahati yetu ni kwamba wengi hufa njiani.

Mayai yanajuaje kwamba soya imepandwa? Mizizi hutoa kemikali inayoyaambia "tokeni"! Watafiti wa Japani waliisaka kemikali hiyo kwenye mizizi mikavu ya maharage, kama tani nzima ya mizizi, na mwaka 1982 walitangaza walichopata: kama miligramu moja na robo tu.

Lakini miligramu hiyo ni moto wa kuotea mbali. Kiasi kidogo kuliko sehemu moja ya bilioni ya gramu kwenye mililita moja ya maji kinatosha kuamsha mayai! Hebu fikiria pua ya namna hiyo.

Je, wajua ana jeni nyingi kuliko wewe? Mwaka 2019 wanasayansi walisoma jeni zake wakahesabu 29,769. Binadamu tuna kama 20,000!

Kwa nguvu zake mwenyewe hafiki mbali. Msimu mzima hamalizi hata mita moja. Basi anasafirije mikoa na mikoa? Anabebwa! Tope la matairi ya trekta, udongo wa viatu, vumbi la upepo na maji ya mafuriko ndiyo usafiri wake.

Na ndege pia wamo. Watafiti wamekuta vifuko vikipita kwenye utumbo wa ndege na kutoka na mayai yaliyo hai! Mwizi anasafiri kwa ndege na nauli halipi.

ALITOKEA WAPI?

Taarifa ya kwanza ya mnyoo huyu iliandikwa Japani mwaka 1915. Asia ya Mashariki ndiko soya ilikoanzia, na mwizi wake naye ni wa huko huko. Wamekuwa pamoja tangu zamani za kale!

Marekani alionekana mara ya kwanza mwaka 1954, kwenye wilaya moja tu ya jimbo la North Carolina. Leo yumo katika kila jimbo la Marekani linalolima soya, isipokuwa West Virginia! Miaka 70 tu, na yeye hajui kutembea.

Canada aliingia hadharani mwaka 1987, katika jimbo la Ontario. Brazili aligunduliwa msimu wa 1991/92. Na Brazili, usisahau, ndiyo nchi inayolima soya nyingi kuliko zote duniani!

Je, wajua mtu wa kwanza kuona nematodi wa mimea alimwonea wapi? Ndani ya punje ya ngano iliyoharibika, mwaka 1743! Mwingereza John Needham aliilowesha punje kwa maji, na vitu alivyodhani ni nyuzi kavu vikaanza kujinyonganyonga.

Binamu wa karibu wa mnyoo wa kifuko, anayekula mizizi ya kiazisukari, aligunduliwa Ujerumani mwaka 1859. Hasara ilikuwa kubwa hivi kwamba viwanda vya sukari vilifunga milango! Mnyoo wa takriban milimita moja alizima mitambo ya mvuke.

HASARA ISIYOONEKANA INAPIMWAJE?

Hapa ndipo utamu ulipo, kaa vizuri. Utapimaje kitu kilichoibiwa ambacho hukuwahi kukiona? Huwezi kuhesabu maganda ambayo hayakuota!

Unaanza kwa kutoboa ardhi. Wataalamu wa Marekani wanashauri mashimo 15 hadi 20 kwa kila ekari 20, ukitembea kwa kupindapinda, kila shimo kina cha sentimita 15 hadi 20. Udongo wote unachanganywa ndooni, kisha sampuli moja inakwenda maabara.

Maabara wanachota udongo kiasi gani? Sentimita za ujazo 100 tu, yaani theluthi moja ya chupa ya soda ya mililita 300! Shamba zima linahukumiwa kwa kiasi hicho.

Udongo unamwagiwa maji na kupitishwa kwenye chekeche. Chekeche la chini lina matundu ya robo milimita: vumbi linapita, vifuko vinabaki. Halafu vifuko vinasagwa, mayai yanatoka, na yananaswa kwenye chekeche lenye matundu ya sehemu 25 za elfu moja za milimita!

Mayai hayaonekani vizuri, kwa hiyo yanapakwa rangi. Wanayachemsha kidogo na rangi nyekundu, kisha yanakwenda chini ya hadubini. Mtaalamu anakaa na kuhesabu: moja, mbili, tatu, mia, elfu!

Jimboni Iowa, mayai yakizidi 12,000 katika kile kiasi kidogo cha udongo, shamba linawekwa kundi la hatari kubwa. Piga hesabu ya ekari moja kwa kina cha sentimita 15. Ni zaidi ya mayai bilioni 70 kwenye ekari moja!

Wale minyoo wengine wanaoogelea, wasio na kifuko, wana mtego wao. Ni faneli, kitambaa, maji na mpira wenye kibanio, basi! Udongo unawekwa juu ya kitambaa, minyoo wanashuka wenyewe majini, na baada ya siku moja au mbili unafungua kibanio na kuwakuta wamejaa chini.

Mtego huo ulibuniwa mwaka 1917 na daktari Baermann kule Java, akiwatafuta minyoo wa safura udongoni. Zaidi ya miaka 100 imepita na maabara bado zinautumia! Kitu rahisi kikifanya kazi, nani akiache?

Je, wajua mmea una kiwango chake cha kuvumilia? Mholanzi Seinhorst aliweka hesabu yake mwaka 1965: minyoo wakiwa chini ya idadi fulani, mavuno hayapungui kabisa. Wakivuka mstari huo, mavuno yanashuka haraka, halafu yanagota mahali ambapo hayawezi kushuka tena.

Njia nyingine ni ya shambani moja kwa moja. Unapanda mbegu sugu na mbegu isiyo sugu ubavu kwa ubavu, udongo mmoja, mvua moja, siku moja. Siku ya kuvuna unapima magunia, na tofauti inakuonyesha mkono wa mwizi!

Sasa jaribu swali hili, na usichungulie jibu. Umevuna magunia 90, na mtaalamu anasema umepoteza asilimia 10. Je, umepoteza magunia mangapi? Ukijibu 9 umekosa! Ni 10, kwa sababu asilimia inahesabiwa kwenye yale magunia 100 ambayo ungepata.

Tangu mwaka 1974 wataalamu wa magonjwa ya soya wa majimbo ya kusini mwa Marekani hufanya hesabu ya namna hiyo kila mwaka. Kila jimbo linataja kila ugonjwa na asilimia yake, kisha yote yanajumlishwa. Nusu karne ya kumfuatilia mwizi bila kukosa!

Na kwa Marekani nzima, nani anaongoza orodha? Mnyoo wa kifuko, mwaka baada ya mwaka! Kuvu, bakteria na virusi vyote vinapanga foleni nyuma yake.

Hasara anayosababisha Marekani peke yake inakadiriwa kuzidi dola bilioni moja kwa mwaka. Igawanye: ni zaidi ya dola milioni 2.7 kila siku, na kama dola 1,900 kila dakika! Tangu uanze kusoma ukurasa huu, maelfu yamekwisha kwenda.

Ukiweka magonjwa yote ya soya pamoja, kati ya mwaka 1996 na 2016 Marekani ilipoteza zaidi ya dola bilioni 95. Wastani ni zaidi ya dola bilioni 4.5 kwa mwaka. Zao moja, nchi moja!

Na dunia nzima je? Mwaka 1987 wataalamu wawili wa Marekani, Sasser na Freckman, walichapisha majibu ya wenzao wa nchi nyingi waliowauliza swali moja: minyoo inakula kiasi gani? Wastani wa mazao makuu ulikuja asilimia 12.3!

Orodha yao inatugusa hata sisi. Ndizi asilimia 19.7, kahawa 15, viazi mviringo 12.2, karanga 12, mahindi 10.2, mihogo 8.4, chai 8.2. Na soya? Asilimia 10.6, yaani gunia moja katika kila kumi!

Mwaka 2019 ukaja uchunguzi mwingine, safari hii wa wadudu na magonjwa yote pamoja. Soya ilionekana kupoteza asilimia 21.4 ya mavuno duniani. Karibu debe moja katika kila madebe matano halifiki ghalani!

MBEGU ILIYOOKOA MABILIONI

Mwaka 1929 Wamarekani wawili, Dorsett na Morse, walipanda meli kwenda Asia kusaka soya. Walizunguka Japani, Korea na China, na kurudi na sampuli zipatazo 4,500! Walikuwa wakinunua sokoni, wakiomba mashambani, wakiandika namba.

Mbegu moja iliyotoka China wakati wa safari hiyo ilipewa namba 88788. Ilikaa ghalani miaka mingi bila sifa kubwa. Leo sehemu kubwa sana ya soya za Marekani zinazouzwa kuwa sugu kwa mnyoo wa kifuko zimerithi usugu kutoka kwake!

Siri yake ni nini? Mwaka 2012 watafiti waligundua kwamba soya ya kawaida ina nakala moja ya kipande fulani cha jeni. Ile 88788 ina nakala kama kumi, zimepangwa mfululizo! Kipande kile kile, kimerudiwarudiwa tu, na mwizi anashindwa kula.

Soya nyingine ya China, iliyopewa jina la Peking, ina nakala tatu tu, lakini inaongezewa nguvu na jeni nyingine. Nayo ni sugu! Njia mbili tofauti, adui mmoja.

Je, wajua faida ya mbegu moja nzuri? Soya iitwayo Forrest, iliyotolewa miaka ya 1970, ilikadiriwa kuokoa zaidi ya dola milioni 400 katika miaka sita tu, 1975 hadi 1980. Mbegu moja, milioni 400!

Lakini mwizi naye anasoma. Wakulima wamepanda usugu ule ule wa 88788 kwa zaidi ya miaka 30, na sasa minyoo wengi wamezoea na wanazaana juu yake. Ndiyo maana wataalamu wanasisitiza: badilisha chanzo cha usugu, usikariri mbegu moja.

Dawa nyingine haiuzwi dukani: ni mahindi! Mnyoo wa kifuko hawezi kula mzizi wa mahindi hata kidogo. Panda mahindi mwaka mmoja, na kila mtoto anayetotolewa kwa kukosea anakufa njaa.

Je, wajua kuna kuvu wanaowinda minyoo kwa kitanzi? Mnyoo akipita katikati ya pete ya kuvu hao, pete inavimba na kumbana kwa sehemu ya kumi ya sekunde tu! Kisha kuvu anammaliza taratibu, hapo hapo udongoni.

Kuna bakteria pia. Mbegu zake ndogo zinanata kwenye ngozi ya mnyoo, zinachipua, na kumla kutoka ndani. Siku hizi mbegu za soya huko Marekani zinaweza kupakwa bakteria hao kabla ya kupandwa!

NA HUKU KWETU JE?

Soya ilifika Tanganyika mwaka 1907, kwenye kituo cha utafiti cha Wajerumani pale Amani, milima ya Usambara. Zaidi ya miaka 110 iliyopita! Leo inalimwa Ruvuma, Njombe na Mbeya, na mwaka 2020 China ilifungua soko lake kwa soya ya Tanzania.

Kwetu mwizi wa kumjua kwanza ni mwingine: minyoo fundo. Hawa hawachagui, wanashambulia zaidi ya aina 2,000 za mimea! Nyanya, bamia, karoti, tumbaku, maharage na soya, vyote ni chakula chao.

Je, wajua wengi wa majike wao hawahitaji dume? Wanazaa peke yao, mamia ya mayai kwa jike mmoja! Yai moja tu likiponea kwenye mche wa kitaluni, ukoo mzima umepata shamba jipya.

Sasa simama, tung'oe mche mmoja wa soya pamoja. Usiuvute! Chimba pembeni kwa jembe au koleo, inua na udongo wake, kisha usuuze mizizi taratibu kwenye ndoo ya maji.

Utaona vinundu vya mviringo. Kisukume kimoja kwa ukucha: kikibanduka kirahisi, na ukikipasua ndani ni chekundu au cha waridi, furahi! Hicho ni cha bakteria wema wanaoilisha soya naitrojeni bure kutoka hewani.

Lakini uvimbe ukikataa kubanduka, ukawa ni mzizi wenyewe uliotutumka na kupindapinda, huyo ni mnyoo fundo. Jaribio zima ni la dakika chache, na gharama yake ni mche mmoja tu! Hakuna mashine iliyo rahisi kuliko hiyo.

Na mwizi akiwepo, hasara ni mara mbili. Mizizi iliyoshambuliwa inashindwa kunyonya maji, na vinundu vya bakteria wema navyo vinapungua. Soya inakosa maji na mbolea kwa wakati mmoja!

Je, wajua kwamba silaha moja nzuri tunayo nyumbani? Ni marejea! Mmea huu umetumiwa kwa miaka mingi kusini mwa Tanzania kurutubisha mashamba, na wamisionari wa Peramiho waliutangaza sana kwa wakulima.

Sasa shangaa nami. Marejea ile ile, Crotalaria ochroleuca, inapandwa kwenye mashamba makubwa ya soya ya Brazili ili kupunguza minyoo ya mizizi! Na magharibi mwa Kenya majani yake yanachumwa, yanapikwa na kuliwa na ugali, yakiitwa mitoo.

Kila wiki ambayo mizizi haijatazamwa ni wiki nyingine ya mayai. Kwa hiyo nakusihi, ndugu msomaji mwenye shamba: soya yako ikifika wiki ya sita, chimba miche michache sehemu mbalimbali na uitazame mizizi. Ukiona mafundo, mwite afisa ugani, peleka udongo maabara ukahesabiwe, na msimu ujao badilisha zao. Safisha pia jembe na matairi kabla ya kutoka shamba moja kwenda jingine, kwa sababu mwizi huyu hatembei. Ni sisi tunaombeba.